Futa programu ya kuskani QR, kivinjari kinatosha

Hapa Kampala, kila ninapopewa simu niiangalie kwa sababu "inajaa matangazo", mara nyingi nakuta humo programu ya kuskani QR ambayo hata mwenyewe hakumbuki aliiweka lini. Huwa nasema ifutwe. Kamera iliyokuja na simu inatosha, na pale isiposoma, ukurasa wa kuskani ndani ya kivinjari utasoma.

Sisemi hivyo kwa chuki. Mwanzoni mwa 2021, watafiti wa Malwarebytes, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza habari za programu moja ya Android iliyoitwa Barcode Scanner, iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 10. Watu waliitumia muda mrefu bila shida. Kisha mwishoni mwa 2020 likaja sasisho, na programu ikaanza kufungua kivinjari yenyewe na kumwaga matangazo. Ruhusa uliyoitoa siku ya kwanza inabaki, hata wenye programu wakibadilika.

Ukurasa wa kivinjari hauna uhuru huo. Anwani yake isipoanza na https, yaani muunganisho uliolindwa, kamera haiwaki. Ikiwa ya https, bado ni lazima ukurasa ukuombe ruhusa, nawe uchague kuruhusu mara hii tu. Kwenye Android 12 na kuendelea, kadhalika iPhone za miaka hii, alama ya kijani hutokea juu ya kioo kamera ikiwa kazini. Funga ukurasa, kamera inazimika.

Je, picha inatumwa kwa mtu? Ukurasa uliotengenezwa vizuri huisoma humo humo ndani ya simu, na unaweza kujipimia. Ufungue, usubiri upakie wote, halafu zima data na uskani kitu. Ukisoma bila intaneti, basi kazi inafanyika mkononi mwako, na MB zako zimepona. Ukikwama, mimi nautafuta mwingine.

Ila kamera ni nusu tu ya shughuli, tena nusu ndogo. QR ilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Ilikusudiwa kusomwa na mashine. Wewe ukiitazama huoni kitu ila vumbi jeusi. Januari 2022 polisi wa Austin, Texas, walionya kuhusu stika za QR za uongo zilizobandikwa kwenye mashine za kulipia maegesho. Aliyeskani alipelekwa kwenye ukurasa wa malipo wa matapeli. Kamera ilifanya kazi yake sawasawa.

Kwa hiyo anwani isomwe kabla ya kuifungua. Chukua risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda (URA), kutoka duka lolote la Kikuubo, soko la hapa Kampala. Ukiskani QR yake, anwani inayotokea inapaswa kuwa ya URA. Ruka ile https://, soma mpaka mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, uangalie maneno ya mwisho kabla yake: yawe ura.go.ug. Ukikuta ura.go.ug halafu nukta na majina mengine kabla ya mkwaju, hiyo si URA, hata ukurasa uwe na nembo ya taifa. Na ukurasa wowote unaokudai PIN ya pesa za simu, MoMo au Airtel Money, ili "kuthibitisha", ufunge hapo hapo.

Kiungo kilichofupishwa, kwa kuwa kinaficha anwani halisi, mimi sikifungui kabisa. Wengine wataniona mwoga, sawa.

Nyinyi wenye maduka na hoteli nanyi mna sehemu yenu. Chini ya QR mliyobandika kaunta, andikeni anwani yake kwa herufi kubwa, au jina linalotakiwa kutokea mteja akilipa, ili alinganishe. Na asubuhi mkifungua, piteni kidole juu ya stika. Mkihisi ukingo wa karatasi ya pili, bandueni.