Msinipongeze kwa 101–100

Kila nikiitaja mechi ya mpira wa kikapu ya Sudan Kusini na Marekani kule London, 20 Julai 2024, hakosi mtu wa kunipa hongera. "Mlijitahidi sana." "Mliwatoa jasho wale." Jamani, shabiki aliyefungwa kwa pointi moja hapewi hongera. Anapewa pole, kisha anaachwa anung'unike. Na mimi bado sijamaliza kunung'unika.

Hoja ya wanaonipongeza naijua. Kampuni za kamari ziliipa Marekani ushindi wa zaidi ya pointi 40. Sudan Kusini ilipata uhuru 2011, na wachezaji wake wengi wamekulia ukimbizini, wengine Uganda, wengine Australia, wengine Marekani kwenyewe. Luol Deng, aliyetamba na Chicago Bulls kwenye NBA, ligi kuu ya Marekani, ndiye rais wa shirikisho lao na amekuwa akiingiza mkono mfukoni mwake ili timu isafiri. Hata yeye familia yake ilikimbilia Misri kwanza, halafu London, jiji lilelile ilikopigwa mechi hii. Hadithi hiyo naipenda kuliko wengi. Lakini inaeleza jinsi timu ilivyofika ukumbini. Haielezi jinsi ilivyoachia mechi ikiwa mkononi.

Maana ilikuwa mkononi hasa. Mapumziko tumekwenda tukiongoza 58–42. Pointi 16, mbele ya nyota wa Marekani kama LeBron James, Stephen Curry, Joel Embiid na Anthony Edwards! Wala haikuwa bahati nasibu. Mpira ulizunguka kwa kasi hadi ukamkuta mtu aliyesahaulika pembeni, akatupa kutoka mbali bila kusitasita. Carlik Jones wetu alicheza kama mtu ambaye hakuambiwa anakutana na nani. Alimaliza na pointi 15, rebaundi 11 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) na pasi 11 za kufunga. Wamarekani walirudi baada ya mapumziko, kama ilivyotarajiwa, wakapita mbele. Vijana wakagoma kufa. Zikiwa zimebaki sekunde kama 20, JT Thor akaachia mtupo wa pointi tatu, ukazama. 100–99, sisi mbele.

Hapo ndipo roho inaponiuma, na hapo ndipo watu wa hongera wanaporuka haraka.

Unaongoza kwa pointi moja. Mpira ni wa Marekani. Kila aliyekuwa ukumbini, hata muuza vinywaji, alijua utakwenda kwa nani. Ukafika kwa LeBron, naye akafanya anachokifanya tangu aingie NBA mwaka 2003: akainamisha bega, akaivamia njia ya kwenda golini, akauweka mpira kwenye kapu. Zilikuwa zimebaki sekunde nane. Hakukuwa na ufundi wa ajabu pale. Ni mtu mzima wa miaka 39 aliyeachiwa kwenda mahali anapopapenda kuliko pote uwanjani.

Mnaweza kuniuliza, ungefanyaje wewe? Swali la haki. Ukimpelekea LeBron watu wawili, unamwacha mtu huru, na kwenye kikosi chenye Curry kumwacha mtu huru ni kujichimbia. Bado mimi ningecheza kamari hiyo. Ningemlazimisha LeBron atoe pasi, mtu mwingine atupe kutoka mbali huku saa inamkimbiza. Mtupo wa mbali hata kwa bingwa hukataa mara nyingi kuliko unavyoingia. LeBron akishafika chini ya kapu, hakuna cha kukataa. Kocha Royal Ivey anaujua mchezo huu kuliko mimi mara mia, na yeye ndiye aliyeifikisha timu hapo, lakini kwa hilo moja tungebishana hadi alfajiri.

Halafu zile sekunde nane. Jones akapata nafasi, akatupa, mpira ukagonga chuma. Tukaugombea tena chini ya kapu na haukuingia. Kwa hapo sina lawama. Mtupo ulikuwa mzuri tu, aliyeutupa ndiye hasa niliyemtaka autupe, na mipira ya namna hiyo huamua yenyewe.

Wapo wanaosema, tulia ndugu, ile ilikuwa ya kirafiki. Ya kirafiki kwa nani? LeBron mwenyewe alifunga pointi 25 siku ile, na ndiye aliyebebeshwa mpira wa mwisho. Timu inayofanya mazoezi tu haimpi mzee wake kazi hiyo.

Kinachonikera zaidi ni mizani miwili. Wiki chache baadaye, kwenye nusu fainali ya Olimpiki jijini Paris, Serbia iliwaongoza Wamarekani hao hao kwa pointi 17, ikaja kufungwa 95–91. Sikumsikia mtu akimwambia nyota wa Serbia, Nikola Jokić, "hongera kwa kujitahidi". Watu waliuliza robo ya nne iliwaponyokaje, nani alichoka, nani hakumkaba Curry. Huko ndiko kuheshimiwa. Sudan Kusini wao wakapigwapigwa mgongoni kama watoto waliofanya vizuri kwenye sikukuu ya shule. Ilhali ndio walioibuka bora Afrika kwenye Kombe la Dunia la 2023 na kukata tiketi ya Paris moja kwa moja. Wanastahili kukosolewa kama wakubwa.

Wazee walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Tulimwamsha. Tulipokutana tena kwenye Olimpiki, 31 Julai, Marekani walikuja wameshasoma somo, wakatufunga 103–86, na safari hii hapakuwa na mtupo wa mwisho wa kumnyima mtu usingizi. Mechi ile niliimeza bila shida. Walituzidi, basi.

Na kama kuna mtu ana hongera za kugawa, siku yake ilikuwa 28 Julai, mechi ya kwanza kabisa ya Sudan Kusini kwenye Olimpiki, dhidi ya Puerto Rico. Kabla ya kuanza, waandaaji walipiga wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wa Sudan Kusini. Fikiria nchi iliyopigana miaka yote ile kujitenga, halafu inasimamishwa kwa wimbo huo mbele ya dunia. Vijana wakasubiri, mashabiki wakapiga makofi mpaka ukapigwa ulio sahihi, kisha wakaingia kazini na kushinda 90–79. Ushindi kamili, wa kwanza wa nchi yao kwenye mpira wa kikapu wa Olimpiki. Hata mara moja sijatumiwa video ya mechi hiyo. Ya LeBron akifunga wananitumia mpaka leo.