Mwacheni Mwalimu Amalize Somo

Nimechoshwa na maneno tunayomwambia mgonjwa ambaye yeye mwenyewe, daktari na watu wa nyumbani wote wanajua kuwa hana siku nyingi: "Utapona tu, inshaallah, usiseme hayo." Nimeyasikia yakisemwa kitandani kwa mwalimu wangu wa hesabu, katika kijiji kimoja cha Wete, Pemba, na kila yaliposemwa yalimkatiza katikati ya jambo zito alilotaka kulitoa kifuani. Waliomkatiza walikuwa watu wanaompenda, na wengi wao aliwasomesha yeye.

Waliopita mikononi mwake wanaijua kanuni yake: jibu bila njia halina alama. Ungeweza kupata jibu sahihi, naye akalikata kwa wino mwekundu kwa sababu hukuonyesha ulikotoka nalo. Aliporudishwa kutoka hospitali huko Unguja, madaktari wakiwa wameshasema kuwa hawana la kufanya zaidi, watu walimletea uji, maji ya zamzam na kombe la zafarani, naye akavipokea vyote kwa shukrani. Lakini alichokuwa akikiulizia ni mtu wa kumwandikia, maana mkono wake wa kulia ulikuwa haushiki tena kalamu.

Alinipa daftari la skuli, akanitaka nipige mstari wa wima katikati ya ukurasa: kushoto anachodaiwa, kulia anachodai. Fundi cherehani, shilingi 15,000 za kanzu ya Idi. Duka la jirani, mchele na sukari. Kitabu cha aljebra alichokiazima kwa mwalimu mwenzake ambaye sasa ni marehemu, kirudishwe kwa watoto wake. Upande wa kulia aliandikisha majina kadhaa, kisha akaniambia niyakate yote kwa kuwa amesamehe. Nilipoyapitishia mstari mmoja alinikemea kama ningali darasa la saba. Akataka kila jina likatwe peke yake na pembeni yake paandikwe "nimesamehe", ili asije mrithi akasema kuwa kalamu iliteleza.

Kisha tukafika kwenye mikarafuu. Katika zile eka tatu alizogaiwa baba yake baada ya Mapinduzi ya 1964, iko mikarafuu saba iliyopandwa kwa mkono wa ndugu yake mdogo, ambaye alikufa akaacha mtoto mmoja wa kike. Miaka yote shamba lilichumwa kwa pamoja na fedha zikapitia kwa Mwalimu kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, na hakuna karatasi hata moja inayosema kuwa miti ile si yake. Alitaka kuitaja mmoja mmoja: ule wa karibu na kisima, miwili ya ukingoni mwa bonde la mpunga. Hapo akaingia mgeni, akamshika mkono, akamwambia apumzike, kwani msimu ukifika atakwenda kuchuma mwenyewe. Chumba kizima kikaitikia amin, na Mwalimu akanyamaza. Jioni ile minne iliyobaki haikutajwa.

Nani alifaidika na amin ile? Mtoto wa kike wa ndugu hana fungu katika mirathi ya ami yake. Kama Mwalimu angeondoka usiku ule, miti ya yatima ingehesabiwa kuwa tarika, yaani mali aliyoiacha marehemu, ikagawiwa kwa watoto wa Mwalimu mwenyewe kwa hesabu sahihi kabisa ya faraidhi, yaani mafungu ya mirathi, na dhuluma ingepita bila mtu yeyote kukusudia kudhulumu. Sisi tunaijua vizuri taratibu ya dini: kwanza gharama za maziko, halafu madeni, halafu wasia usiozidi thuluthi, ndipo mirathi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika deni. Pamoja na elimu yote hiyo, anapopatikana mzee anayetaka kuitekeleza tunamwambia anajichosha.

Nakubali kwamba kumwombea mgonjwa shifaa ni jambo jema, na kwamba wako waliosomewa Yasini wakainuka wakaishi miaka. Basi na waombewe. Dua haimzuii mtu kushika kalamu.

Najua pia nitajibiwa kuwa tunayo desturi ya kutangaza kabla ya maziko: anayemdai marehemu awaone warithi. Desturi hiyo ni njema na ina asili yake, kwani Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache, akawaambia Masahaba wamsalie wao, na hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Lakini tazameni tangazo letu linasikiwa na nani. Linasikiwa na wanaume waliosimama safu, wengi wao wakiwa na haraka ya kuwahi kaburi, na mwenye kudai shilingi 15,000 huona haya kunyanyua mkono mbele ya jeneza. Wanawake wako nyumbani, kwa sababu kwetu hawaendi kuzika. Yule binti mwenye mikarafuu yake saba asingelisikia tangazo hilo, na hata kama angelisikia, asingekuwa na ushahidi wa kuupeleka kwa Kadhi, kwa sababu shahidi mkubwa kuliko wote ndiye anayezikwa.

Somo la mikarafuu lilimalizika usiku mwingine, baada ya sala ya Isha, mlango ukiwa umefungwa, na mashahidi wakiwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, pamoja na mtoto mkubwa wa kiume wa Mwalimu. Mwalimu alitaja miti yote saba, akaeleza mwaka gani ilipandwa na nani alisaidia kuchimba mashimo, kisha akaagiza binti mwenyewe aitwe asomewe ukurasa ule. Hilo ndilo ninalolitaka katika nyumba zetu za Wete, Chake na Mkoani: tangazo lifanywe mgonjwa akiwa hai na akili yake timamu, lifanywe nyumbani wanawake wakisikia, na wanafunzi wa zamani wanaokuja kumkagua mwalimu wao wamuulize ana nini cha kuandikwa kabla hawajamwambia kuwa atapona.