Mama yako si starehe

Kuna klipu inazunguka wiki hii. Kijana kapiga suti ya bluu, nyuma yake ubao mweupe, anafundisha watu pesa. Kachora duara la mshahara, kalikata vipande vitatu, asilimia 50 mahitaji, 30 starehe, 20 akiba, kama wote tunavyochoraga. Dada mmoja kwenye ukumbi akauliza, sasa hela ninayomtumia mama kijijini inakaa wapi hapo? Jamaa akacheka kwanza. Halafu akasema iweke kwenye ile 30. Kwenye starehe. Na ndugu wengine wote piga bloku, hao wanakurudisha nyuma. Ukumbi ukapiga makofi!

Mama kwenye starehe. Anagombania bajeti na chipsi kuku na bando la usiku.

Ningemwacha tu, maana ukiwa na miaka ishirini na kitu halafu umepewa kipaza sauti utasema mengi, lakini shida si yeye peke yake. Ni sisi wote tunaojiita walimu wa pesa. Ukisoma tunachoandika kwa Kiswahili miaka hii unaweza kudhani Mtanzania kazaliwa peke yake, anaishi peke yake, akiumwa anajiuguza mwenyewe, na siku akifa atajibeba mabegani mpaka Kinondoni ajichimbie. Hiyo 50/30/20 tunayoichora kila siku haikushuka mbinguni. Imepata umaarufu kupitia kitabu cha mwaka 2005 alichoandika Elizabeth Warren, huyu huyu seneta wa Massachusetts, pamoja na binti yake. Enzi hizo mama Warren alikuwa profesa wa sheria Harvard, anachunguza kwa nini familia za Marekani zinafilisika. Alikuwa anaongea na watu wenye mshahara unaoingia tarehe inayojulikana, wenye nyumba za mkopo wa miaka thelathini na kadi za benki zilizowakaba koo. Sina neno naye kabisa, kafanya kazi yake. Neno ninalo na sisi tulioichukua bila hata kuigeuza tukaenda kumpa mama ntilie wa Buguruni, ambaye jana kauza sahani arobaini na leo mvua imeshinda inanyesha kauza tisa, tukamwambia haya mama gawa. Hamsini ya nini? Ya jana au ya leo?

Ila hilo la asilimia ni dogo. Kinachoniuma ni hili la watu.

Tunasema weka akiba ya dharura ya miezi mitatu mpaka sita. Sawa. Nimelisema na mimi na nitaendelea kulisema. Lakini tuambiane ukweli, dharura ya kwetu inakujaje? Inakuja simu saa saba usiku. Mzee kaanguka Muhimbili, hajaamka. Kuanzia dakika ile kuna mochwari, kuna jeneza, kuna gari la kusafirisha kwenda Songea, zaidi ya kilomita 900, kuna turubai na viti na masufuria, kuna watu watakaokaa hapo nyumbani siku tatu na lazima wale. Na ni Ijumaa. Hela yako iko wapi? Iko UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mfuko wa Ukwasi, hongera sana umefuata ushauri. Mfuko mzuri, mimi mwenyewe nina vipande huko na nitaupigia debe mpaka kesho. Lakini ukitaka kutoa hela unahesabu siku za kazi, na marehemu hahesabu siku za kazi. Nyingine umeweka kwenye hatifungani ya miaka 20, yaani umeikopesha serikali, hiyo ndiyo kabisa, labda uiuze soko la pili na hapo utafute mnunuzi na dalali. (Mnakumbuka 2022 Benki Kuu iliposhusha riba ya hatifungani ya miaka 20 kutoka asilimia 15.49 mpaka 12.10? Tulilia wiki nzima. Tuliandika makala juu ya makala. Kuhusu kufiwa kwenyewe, ambako kila msomaji atapitia, sijaona hata mmoja wetu aliyekaa chini akaandika hesabu zake.)

Sasa usiku ule nani anakuvusha? Wanakuvusha wale wale ulioambiwa uwapige bloku. Baba mdogo mwenye Noah. Jirani anayejua mtu wa turubai. Wale wamama wa kikoba wanaokuja asubuhi na bahasha bila hata kuulizwa, kwa sababu kwenye kikoba chao kuna hisa na kuna mfuko wa jamii, na ule wa jamii haukopeshwi, kila kikao mtu anatoa kidogo, buku, buku mbili, kwa ajili ya ugonjwa na msiba tu. Hiyo ni bima jamani. Ina mchango, ina masharti, ina malipo, ina adhabu ya kuchelewa. Tofauti yake na ya kampuni ni kwamba haina ofisi Posta na hakuna fomu ya kurasa nane ya kukwambia kwa nini hulipwi.

Na hawa wamama si wajinga wa hesabu kama tunavyopenda kuwachukulia. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, halifunguki mpaka wote wawepo. Mkopo unapata kwa kadiri ya hisa zako, mara nyingi mara tatu yake, na mwisho wa mzunguko wanavunja, kila mtu anaondoka na chake na faida. Mtindo huo wa kuweka na kukopeshana kwa vikundi ulianzia kwa wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE likautembeza mpaka ukafika Zanzibar kule Jozani, bara nako ukashika moto kwa jina la vikoba. Umeingia mpaka kwenye sheria, ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevipa daraja lake, la nne. Tangu 2019 kuna M-Koba kabisa kwenye simu. Yaani Bunge limeviona, Benki Kuu imeviona, kampuni ya simu imeviona ikanusa hela. Asiyeviona ni kijana wa suti ya bluu.

Nikupe kisa. Sisi tunaoandika mambo ya pesa tunajuana, tuna grupu la WhatsApp, tunabishana humo kila siku kuhusu riba na viwanja vya Kigamboni. Mwenzetu mmoja akafiwa na baba yake, Ijumaa usiku, ndiyo maana huo mfano wa Ijumaa umenikaa. Huyu ni mtu wa mfano kabisa, uwekezaji wake umepangwa kwa rangi kwenye Excel. Hela ipo lakini haishikiki mpaka wiki ijayo. Kabla hata hajasema lolote grupu limeshageuka kamati. Na nani akajitolea kuwa mweka hazina? Yule mwenzetu ambaye kila Jumatatu anaandika kwamba michango ndiyo inayomaliza Waafrika. Wallahi. Na alifanya kazi safi, namsifu, orodha inatoka kila nusu saa, jina na kiasi, anawakumbusha waliochelewa kwa upole ambao sikujua kama anao, anamfuata mtu inboksi, kaka wewe bado hujaonekana. Mpaka alfajiri gari limelipwa.

Jumatatu iliyofuata akaandika kama kawaida. Usichangie.

Nikampigia. Nikamwambia kaka, hii vipi tena? Akanijibu bila aibu, lakini ile ilikuwa tofauti, nyie si ni watu wangu. Nikamuuliza, na yule dereva bodaboda wa Mbagala anayekusoma, wa kwake unadhani ni watu wa nani? Akabadilisha mada, tukaongelea bei ya mafuta.

Huo ndio unafiki ninaousema. Hakuna hata mmoja kati yetu anayeishi vile anavyowaambia wengine waishi. Wote tuna daftari la msiba kichwani, nani alikuja, nani alituma, nani alisema nipo safarini. Wote tulisomeshwa na mjomba fulani au shangazi fulani, ile ada ya kidato cha tano ingeitwa starehe leo ungekuwa unafundisha nini na kwa kipaza sauti cha nani? Hata hii M-Pesa tunayotumia kuuzia semina zetu, ilipoanza Kenya 2007 ilitangazwa kwa jambo moja, tuma hela nyumbani. Biashara kubwa kuliko zote za hela ya simu kwenye ukanda huu imejengwa juu ya tabia ambayo sisi tunaiita ugonjwa. Na tozo za miamala zilivyokuja Julai 2021, kelele zile zilikuwa za nini? Mtu alikuwa anatuma elfu ishirini kwa bibi akaona inakatwa njiani.

Lakini wanaojua thamani ya ndugu zako kuliko mtu yeyote unajua ni akina nani? Kausha damu. Zile programu za mikopo za kwenye simu. Hazikuombi hati ya nyumba wala gari. Zinakuomba ruhusa ya kuona namba zako zote. Ukichelewa siku mbili, meseji inaenda kwa shangazi, kwa mchungaji, kwa bosi wako, kwa mtu uliyemuuzia friji mwaka juzi, mwambieni fulani alipe deni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 ikazipiga marufuku, hazina leseni na zinadhalilisha watu. Sasa fikiria. Tapeli wa mikopo ameangalia maisha yako yote akaona dhamana pekee yenye maana uliyonayo ni watu wanaokujali. Mwalimu wako wa pesa ameangalia maisha yale yale akaandika watu hao kwenye safu ya hasara. Nani kati yao kafanya utafiti?

Na wengi wanaoangukia huko, nawasikiliza wanaponiandikia, wameanza kwa kuishiwa watu. Kikoba walitoka kwa sababu vikao vinapoteza muda. Ndugu walishawanunia. Mchango wa mtaani hawatoi, wametulia na bajeti yao safi, halafu mtoto akapata homa usiku na laki moja ya haraka ikawa haipatikani popote isipokuwa kwenye simu. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita 2023, ikimfikia kila mtu vizuri nitakuwa wa kwanza kushangilia na pengine nitapunguza nusu ya haya maneno. Nusu tu.

Haya, najua mtakachoniandikia. Kuna ndugu wanyonyaji. Wapo, kwa kweli wapo, mtu mzima ana mikono miwili anaomba hela ya vocha ya kukupigia akuombe hela. Kuna wenyeviti wa vikoba wamelala na sanduku wakaamka nalo Msumbiji. Na ule undugu undugu ndio DECI, ule upatu, ilipitia, panda mbegu uvune, watu waliingizana makanisani kwa upendo kabisa mpaka serikali ikaifunga 2009 na nyumba za watu zikiwa zimeshauzwa. Nakubali. Sipendi kukubali ila nakubali. Kuaminiana kunatumika vibaya. Benki nayo inatumika vibaya na hatujawahi kuwaambia watu wazipige benki bloku.

Michango ya harusi nayo ni habari nyingine. Hapo niko upande wenu mia kwa mia. Kadi singo elfu hamsini, dabo laki, na ukitoa elfu thelathini kamati inakuangalia kama umekuja kuiba vijiko. Kichen pati, sendofu, harusi, na siku hizi kuna sherehe ya kuwashukuru waliochangia sherehe. Huo si usalama wa mtu yeyote, hayo ni mashindano ya mapambo. Kataa kwa amani.

Nachotaka sisi waandishi tufanye ni kazi, badala ya kutafsiri duara. Kaa na msomaji umsaidie kuweka mstari kwenye bajeti unaoitwa watu. Mstari kabisa, juu, karibu na kodi ya nyumba. Mwenye mshahara aweke kiasi chake cha mwezi, mwenye biashara ya siku aweke buku mbili za kila siku pembeni, na ukiisha umeisha mpaka mwezi ujao, hapo ndipo unapomwambia binamu samahani ndugu yangu mwezi huu nimefulia, na hutakuwa umedanganya. Mama atangulie. Kikoba chenye mfuko wa jamii kifuate, ila kwanza uliza daftari linasomwa kwa sauti kila kikao au mwenyekiti analisoma kimoyomoyo. Mazishi ya mtaani toa hata kidogo lakini nenda, maana wanaokuandika daftarini wanaandika na sura. Kinachobaki ndiyo upeleke UTT, na ukipeleka, kiasi kidogo kibaki kwenye simu au benki, mahali panapofunguka Ijumaa usiku. Hayo hayahitaji suti.

Na wewe dada uliyeniuliza inboksi jana, kama sendofu ya wifi wa rafiki wa mume wako iingie kwenye huo mstari wa watu. Hapana mpenzi. Hiyo iache kwa rafiki wa mume wako.