Mama Mkwe, Vipointi na Kitanda cha Mzungu

Haya, tulieni. Najua wengi wenu mmeshaisikia ile ya mama mkwe wangu kukwama kitandani, mmeipata kwa jirani yangu mwenye kirikuu, maana alijirekodi dakika nne nzima akaituma kwenye kundi la mtaa, kundi la kikoba na, Mungu anamwona, kundi la wazazi wa shule ninayofundisha. Kwa hiyo nasema mwenyewe. Masahihisho kwanza: kitanda hakikuvunjika. Mama mkwe hakukwama mpaka asubuhi, alikwama robo saa. Na mimi sikukimbia. Nilienda kutafuta tochi.

Mnajua nafundisha Hisabati darasa la sita. Vipimo ndiyo mada yangu. Ni mita na sentimita, na mtoto akiweka nukta pasipo pake namrudishia daftari. Kengele ikilia natoka getini nakuta dunia nyingine. Mbao ni mbili kwa nne, bomba ni nusu nchi, chumba ni kumi kwa kumi, godoro ni tano kwa sita nchi nane. Sijawahi kumwona mtu anaingia dukani anaomba godoro la sentimita mia na hamsini na mbili. Akiomba wataita mgambo.

Sasa. Mimi Mpare, mke wangu Mchaga, hapo tayari utani upo. Mama yake akapiga simu kwamba anakuja wiki moja kumwona mjukuu, na kitanda chetu kilikuwa ukigeuka kinalia kama mlango wa ghala. Dalali mmoja akanitumia picha: kitanda cha mzungu anayehama, mbao nzito, bei ya kutupa. Ubavuni kina kibandiko, 160 x 200. "Mwalimu, godoro lako litaenea? Kuna mtu mwingine anakitaka, nijibu sasa hivi."

Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja kwenye bomba. Futi moja ni sentimita 30.48, hiyo naijua usingizini: nchi moja 2.54, mara kumi na mbili. Mia na sitini ukigawa unapata 5.25. Mia mbili ukigawa unapata 6.56. Nikajiambia hii tano na vipointi, ile sita na vipointi. Tano kwa sita hiyo, kama godoro langu! Nikatuma hela kabla ya kituo.

(Wanafunzi wangu wa zamani mliomo humu, ndiyo, nakumbuka nilichowafundisha kuhusu kukadiria. 6.56 inakwenda 7. Nakumbuka na alama nilizowakata.)

Kipointi cha sentimita ni kitu cha kupuuza. Kipointi cha futi si hivyo. Ile pointi hamsini na sita ni nchi saba kasoro kidogo, yaani sentimita kumi na saba. Hicho ni kiatu cha mtoto wa chekechea.

Jirani akakileta na kirikuu yake, tukakifunga, tukatandika godoro. Ubavuni likabaki pengo la vidole vinne. Sawa. Miguuni likabaki pengo la karibu shibiri, na hapo hapo ndipo chaga mbili za mwisho zilipokosekana, dalali anasema zimepotea kwenye kuhama. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Neema, mbona godoro limepungua?"

"Likilaliwa linatanuka."

Mnaosema kwa nini sikununua godoro lingine, nimeshawaambia mimi ni kabila gani, lile linalotaniwa kwa ubahili. Nikachukua blanketi langu la bweni, nikalikunja, nikalishindilia kwenye lile pengo, nikaweka mto juu, nikatandika shuka likanyooka kama la hotelini. Nilijipongeza. Kumbe nilikuwa nimetega mtego wa nguruwe na kuupamba maua.

Mama akafika na basi la jioni. Tukampa chumba, sisi tukalala sebuleni. Sasa elewa chumba chenyewe: kushoto ukuta, kulia kabati. Ukitaka kushuka kitandani unashukia miguuni, unaruka kibao kifupi, unagusa chini.

Saa tisa usiku, umeme umekatika. Kilichoanza ni godoro kusaga kwenye ubao, kama mtu anajivuta taratibu. Kisha blanketi la bweni likaanguka uvunguni, pufu. Kisha kimya. Kile kimya mimi nilikielewa. Nikiwa nimelala chali kwenye mkeka nikahesabu sentimita zote kumi na saba, moja moja.

Kisha nikasikia Mungu anaitwa kwa Kichaga, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayemsalimia mtu anayemfahamu:

"Ee Ruwa."

Kisha msumari wa chandarua ukang'oka, tk. Wa pili, tk. Chandarua chote kikashuka.

Mke wangu akaingia mbio. Mimi nikabaki nje. Nyie mnaocheka hamjalelewa kwetu. Mimi hata benchi moja sikai na mama mkwe, leo niingie chumbani kwake usiku wa manane, na hii bukta ya mpira?

"Baba Neema, njoo ushike mguu!"

"Siwezi, ni mama!"

"NJOO!"

Nikaingia kinyumenyume. Naapa. Tochi ya simu nimeipitisha juu ya bega, nimulike bila kutazama, kwa hiyo nikamulika dari, nikamulika kabati, nikamulika macho ya mke wangu, nikatukanwa kidogo, mwisho nikageuka. Mama amekaa wima mwisho wa godoro, amefunikwa chandarua cheupe kichwa mpaka kiuno kama bibi harusi. Mguu mmoja uko juu ya kibao. Mwingine umezama mpaka kwenye goti, na huko uvunguni unakanyaga rundo la daftari za darasa la sita. Zoezi la vipimo. Kila akijaribu kujiinua, daftari zinateleza, anazama tena nchi moja.

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alinitazama kupitia vitundu vya chandarua, akauliza polepole:

"Baba, hiki kitanda ni futi ngapi?"

Niwaambie kitu jirani yangu hakuwaambia, maana hakijui: mama mkwe wangu ameuza mbao Moshi miaka zaidi ya ishirini. Anapima ubao kwa kuutazama.

"Tano na robo kwa sita na nusu, mama."

"Na godoro?"

"Tano kwa sita, mama."

Akanyamaza. Daftari moja ikateleza huko chini. Kwa mbali mbwa akabweka.

"Sasa hiyo nusu ulimpelekea nani?"

Mpaka leo sina jibu. Nilichofanya ni kuinama na kuanza kuinua godoro, godoro ambalo amelikalia yeye, huku mke wangu akimvuta mkono, na ndipo dirishani likatokea tochi kubwa na sauti ya jirani: "Mwalimu, kuna mwizi?" Akamulika. Akaona yote. Wengine mnalipia kingamuzi, yeye kapata bure.

Mengine yalikwenda haraka. Tulimtoa, mguu ukachuliwa, hakukuwa na kibaya zaidi ya mchubuko. Asubuhi mama alitoa tepu kwenye mkoba (anatembea nayo!), akapima mwenyewe, akaniandikia kwa nchi kwenye kikaratasi, akanituma kwa fundi chaga mbili na kipande cha sponji. Vimeenea kama vilizaliwa hapo. Alimaliza wiki yake, akaondoka Jumapili, tumeagana vizuri. Jirani naye akapata maneno yake ya kurekodi: "Mchaga kakwama kwenye chaga." Sitakataa, ni mazuri. Yananiuma kwa sababu ni mazuri.

Jana ofisini mwalimu wa sayansi akajaribu kunifariji. Akasema hata NASA mwaka 1999 walipoteza chombo chao kilichofika Mars, sababu upande mmoja ulitoa hesabu kwa paundi na upande wa pili ukazisoma kwa nyutoni. Nikamshukuru. Lakini kile chombo hakikuwa na mama mkwe wa mtu ndani.

Leo nimeingia darasani, nimegawa daftari zile zile, mbili zina alama ya kisigino kwenye jalada. Sikusema kitu, nao hawakusema kitu. Nikaandika tarehe ubaoni. Nikaandika: Vipimo vya urefu. Kabla sijageuka nikasikia kiti kinasogea nyuma, katoto kamesimama wima, kamenyoosha mkono kwa adabu zote.

"Mwalimu, mama kasema nikuulize. Ile nusu ulimpelekea nani?"