Nilitaka Asilimia Moja Tu

Mimi na zile amri za kuandika kwenye skrini nyeusi hatuivi chungu kimoja. Kwa hiyo tulipowekewa, kwenye seva (kompyuta kuu) tunayoitumia sote, chombo cha kufanyia majaribio ya mtandao kupitia kivinjari, nilifurahi hadi nikajisahau. Unachora kompyuta zako za kubuni kwa kipanya, unaziunganisha kwa mistari, unajaza fomu, unabofya "Anza", grafu inajichora yenyewe. Raha mustarehe.

Jaribio langu lilikuwa jepesi. TCP, ule utaratibu ambao kompyuta hutumia kutumiana data, ikiwa ya aina ya Reno na ikapoteza pakiti (kipande kimoja cha data), hukata kasi kwa nusu, kisha hupanda tena polepole, ndiyo maana grafu yake hutoka kama meno ya msumeno. Nilitaka kuyaona meno hayo kwa macho yangu, pakiti moja ikipotea katika kila mia. Kwenye kisanduku cha upotevu nikaandika 1. Palipoulizwa kadi ya mtandao nikachagua ya kwanza kwenye orodha, eth0, maana wa kwanza siku zote ndiye mkubwa. Nikabofya.

Mstari ukapanda, ukafika juu, ukanyooka kama uliopigwa rula. Hakuna jino hata la kuazima! Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, vilevile. Juu ya ukurasa kulikuwa na kiduara kinazunguka tu, lakini nani hutazama viduara akiwa anagundua jambo? Nikapiga picha ya skrini, faili nikaliita "matokeo_ya_ajabu".

Jirani yangu wa mezani akageuka. "Bwana, kwako seva inapatikana?"

"Kwangu shwari," nikamjibu, nikimwonesha grafu kwa maringo.

Akaiangalia, akaangalia yake iliyokwama, akanyamaza. Kule nyuma mtu mwingine akaanza kulalamika kwamba jaribio lake la tangu asubuhi limepotea.

Hapo ndipo nikasoma yale maandishi madogo chini ya kisanduku, yale tunayoyaachaga yajisomee. "Andika namba kati ya 0 na 1." Kumbe asilimia moja ilikuwa 0.01. Moja maana yake zote! Na eth0 haikuwa ya kompyuta zangu za kuchora. Ilikuwa njia ya seva yenyewe ya kuja kwetu sote. Nilikuwa nimeiamuru imeze kila neno inalotaka kututamkia. Mstari wangu mnyoofu ulikuwa ni chombo kinarudiarudia namba ya mwisho kilichoipata kabla seva haijazibwa mdomo.

Basi nizime. Kitufe cha "Simamisha" kiko wapi? Kwenye ukurasa unaoletwa na seva ileile. Nikaufungua upya kwenye dirisha jingine: kompyuta ikabisha hodi, ikangoja sekunde 1, ikabisha tena, ikangoja 2, halafu 4, 8, 16. Ndivyo TCP inavyofanya isipojibiwa. Mada hiyo ndiyo niliyokuwa najiandaa kuiwasilisha wiki ile.

Nikamfuata fundi.

"Fundi, nadhani kuna mtu ameigusa seva."

"Mtu gani?"

"Mtu… hayuko mbali."

Akanitazama kwa kituo, akabeba kibodi na skrini, akaingia chumba cha seva. Akalifuta agizo langu kwa mstari mmoja wa amri, kwenye skrini nyeusi ileile ninayoikimbia. Huku nje watu wakashangilia, nami nikashangilia nao kuliko wote.

Nikarudi kwenye ukurasa wangu wa kwanza. Sasa ulikuwa unasema tovuti haipatikani, nikabofya pa kupakia upya. Kikatokea kidirisha: "Je, ungependa kutuma tena fomu?" Nimeulizwa kwa adabu namna hiyo, nitakataaje? Nikabofya "Ndiyo".

Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Eh! Umekatika tena?" jirani akauliza.

Fundi ndiyo kwanza anatokeza mlangoni, kibodi kwapani.