Mchapishaji au mfuko wako? Hesabu ya mwandishi wa riwaya za Kiswahili

Tuchukue riwaya unayoichapisha kwa mfuko wako: kurasa 160, saizi ya A5, karatasi ya ndani gramu 80, jalada gramu 300, imebandikwa kwa gundi. Tuseme kiwanda kimekubali kuchapa nakala 1,000 kwa shilingi 4,000 za Tanzania kila moja, na uhariri, upangaji wa kurasa na usanifu wa jalada vimekula milioni 1.2. Umeshatoa milioni 5.2 kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Bei ya jalada ni 10,000. Duka la vitabu linabakiza asilimia 35, wewe unapata 6,500. Gawa milioni 5.2 kwa 6,500, unapata 800. Kwa hiyo nakala mia nane za mwanzo zinarudisha mtaji tu. Faida iko kwenye zile 200 za mwisho, shilingi milioni 1.3, nayo ni kama hukugawa hata nakala moja bure, hakuna iliyolowa stoo, na hakuna iliyochukuliwa kwa mali kauli ambayo hela yake bado inazungushwa.

Sasa kitabu hicho hicho kipeleke kwa mchapishaji. Hutoi hata senti. Tuseme mkataba unakupa mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwenye mauzo, wa asilimia 10, unaohesabiwa kwenye kile anachopokea mchapishaji baada ya punguzo la duka, yaani ile 6,500. Hiyo ni shilingi 650 kwa nakala. Tanzania inakata kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 15 kwenye mirabaha (Kenya ni asilimia 5 kwa mkaazi), kwa hiyo unabaki na 552.50. Zikiuzwa zote 1,000, mkononi una 552,500. Zikiuzwa 500, una 276,250. Lakini aliyejichapishia akauza 500 kupitia madukani ana hasara ya milioni 1.95, na maboksi yamejaa chumbani.

Mjadala huu mara nyingi hufanywa kama suala la hadhi: anayechapishwa na kampuni ndiye mwandishi wa kweli, anayejichapishia amekataliwa kwingine. Au kinyume chake: wachapishaji wote ni wanyonyaji. Hesabu ya juu haimsikilizi yeyote kati ya hao. Ukiuza nakala zako mwenyewe, mkono kwa mkono, kwa 10,000 kamili, mtaji unarudi kwenye nakala ya 520 badala ya 800. Nakala 280 zilizo katikati ndiyo thamani ya kuwajua wasomaji wako na kuwa na njia ya kuwafikia. Swali la kwanza basi ni hili: wasomaji wako wanashikwa na nani?

Mchapishaji wa Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa, anawashikilia wanafunzi. Soko la vitabu vya Kiswahili huku limejengwa juu ya shule, na mchapishaji ndiye anayejua njia za huko: ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au idhini ya KICD, taasisi ya mitaala kule Kenya, mawakala wa mikoani, walimu wakuu, zabuni. Riwaya ikiteuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa Kenya, soko lake ni watahiniwa zaidi ya laki tisa kwa mwaka. Hakuna mwandishi anayeweza kulifikia soko hilo kwa begi la mgongoni. Mchapishaji mzuri pia anakupa mhariri ambaye hukumlipa wewe, kwa hiyo haogopi kukwambia sura tatu za mwanzo hazina kazi.

Ila mlango huo hufunguka kwa nadra. Orodha ya riwaya teule za kidato cha tatu na cha nne Tanzania ilikaa karibu vile vile kwa miaka mingi. Kenya nako, KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) ya mwisho ya mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, ni ya 2027, na aliyeandika akilenga orodha ya mfumo huo ameandikia darasa linaloondoka. Hatari kubwa zaidi ni ya riwaya isiyo ya shule. Kampuni inayoishi kwa zabuni haina mtu wa kutembeza kisa cha mapenzi au cha upelelezi kwa watu wazima. Mswada unakaa mezani mwaka, pengine miwili, unatoka nakala chache, unaingia ghalani, na kila mmoja anamsubiri mwenzake autangaze. Hapo si lazima kuwe na dhuluma. Kampuni imefanya inachokijua, na wasomaji wako hawamo humo.

Tuzo zinafupisha njia hii kwa wachache. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inampa mshindi wa kwanza wa kipengele shilingi milioni 10, na tuzo ya Safal, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imefungulia uchapishaji miswada ambayo ingekaa kwenye droo. Peleka mswada, ni bure, lakini usiupangie maisha.

Kujichapishia kwa upande wake si jambo geni lililoletwa na simu. Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alikuwa na kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, na riwaya pendwa za Dar es Salaam za miaka ya 1970 na 1980 zilienea kwa sababu baadhi ya waandishi walikuwa wafanyabiashara pia. Kilichobadilika ni duka. Leo simulizi inaanzia Facebook na kuhamia WhatsApp. Mwandishi anatoa sehemu kumi za mwanzo bure, kila moja ya maneno 1,200 hivi, siku zile zile na saa ile ile. Ya kumi na moja inasomwa ndani ya kundi ambalo kuingia ni shilingi 1,000 au 2,000, zinatumwa kwa simu kabla hujaongezwa. Kundi la watu 300 kwa 2,000 ni laki sita, bila karatasi wala duka. Ni zaidi ya mrabaha wa nakala 1,000 tulizozihesabu.

Mahali pa kuharibikia panajulikana. Mwanakundi mmoja anasambaza sehemu zote zikiwa PDF, na wiki ileile ziko Telegram bure. Kumfukuza hakurudishi kitu. Kinachosaidia kidogo ni kutuma sehemu moja moja na kutotoa faili zima mpaka hadithi ifike mwisho. Kosa la pili ni la mwandishi mwenyewe kukatika. Akikosa siku mbili bila taarifa kundi linaanza kudai hela, na aliyedai mara moja harudi kwenye hadithi inayofuata. La tatu ni la ufundi, na ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linaharibu vipaji. Simulizi ya sehemu 80 inalazimika kukatia kila mwisho penye mshtuko na kukumbusha kila mwanzo yaliyopita. Ukizibandika pamoja ukaziita riwaya, msomaji wa kitabu anakutana na mshtuko kila baada ya kurasa nne na maelezo yaliyorudiwa mara themanini. Lazima iandikwe upya, na hilo ni kazi ya miezi.

Msomaji aliyeshalipa kwenye simu naye hana sababu ya kununua karatasi ya hadithi ileile. Kwa maoni yangu, simulizi ya kundini na kitabu cha kuchapa viwe hadithi mbili tofauti: ya kwanza inakusanya watu, ya pili unawauzia. Namba za waliolipa ziandikwe kwenye daftari pamoja na jina, mkoa na walichonunua, maana akaunti ikifungiwa kundi lote linapotea. Tena orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua namba 256 tu, na ujumbe hauwafikii wasiohifadhi namba yako. Waombe waihifadhi siku ileile wanapolipa, si siku ya kitabu kutoka.

Orodha hiyo ikifika watu mia nne au mia tano wanaolipa kweli, kujichapishia kunaanza kuwa na maana. Anza na nakala 200 za uchapaji wa kidijitali, hata kama kila moja inagharimu zaidi, kuliko 1,000 za bei nafuu zinazolala. Omba ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, mapema, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania au maktaba ya taifa ya Kenya. Kurasa zigawanyike kwa 16: ukileta 163 kwa kiwanda kinachokunja karatasi kwa mikunjo ya 16, unalipia 176. Upana wa mgongo wa kitabu usikadiriwe kwa macho. Kurasa 160 ni karatasi 80, na kwa gramu 80 ni milimita 8 hivi, lakini kiulize kiwanda unene wa karatasi yake. Na kingo za jalada ziachiwe milimita 3 za kukatwa, la sivyo jina lako ndilo litakatwa.

Ukiwa na wasomaji wanaolipa chini ya hao mia nne, au kama kitabu chako kinafaa darasani, mchapishaji ni chaguo bora, na orodha yako inakupa nguvu ya kujadili. Toa haki ya kuchapa Kiswahili kwenye karatasi, bakiza za sauti, tafsiri na kidijitali isipokuwa ameonyesha atazitumiaje. Taarifa ya mauzo ije mara mbili kwa mwaka, ikitaja nakala zilizochapwa, zilizouzwa na zilizobaki. Usisaini kipengele kinachompa mchapishaji kitabu chako “kwa muda wote wa hakimiliki”, kwani kwa sheria za Tanzania na Kenya huo ni uhai wako na miaka 50 baada ya kufa. Dai badala yake kifungu kwamba kitabu kikikosekana madukani kwa miezi 12, na mchapishaji asikirudishe mtamboni ndani ya miezi sita tangu apokee barua yako, haki zote zinakurudia.