Komba Siku ya Posa

Komba wetu wa Pemba ni wale wakubwa, mkia mrefu kuliko mwili, na macho ambayo ukiyamulika kwa tochi yanakurudishia taa mbili nyekundu. Uzito wake kilo moja hivi. Lakini akishaingia darini, kilo moja hiyo inahamisha makabati usiku kucha. Huyu wetu alipitia tawi la mfenesi lililolalia bati, akaingilia upenuni pale ubao ulipooza, akaona pamemfaa. Komba ana tabia ya kujikojolea viganjani na kujipaka nyayoni, kwa hiyo silingibodi ya ukumbini ilikuwa imeshaota mabaka ya manjano. Bi Mkubwa akiwaambia wageni kuwa bati linavuja. Wageni wakitazama nje, jua linawaka.

Tungeendelea hivyo hivyo kama si habari ya posa. Watu wa Chake Chake walileta salamu kwamba wanakuja kumposa dada yangu, Ijumaa baada ya Isha. Bi Mkubwa akalitazama dari, akanitazama mimi.

"Komba atoke. Na atoke mzima."

Hilo la mzima lilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ya dini: mama yangu hachoki kusimulia hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumpa chakula wala hakumwachia akajitafutie. Ya pili ya pua: jirani aliyetushauri sumu ya panya aliulizwa, akishakufa huko juu nani atamtoa, na hiyo Ijumaa ukumbi utanuka nini. Jirani akaondoka, akarudi na shauri jengine. Tumwekee kibuyu cha tembo, kwani ulevi wa komba unajulikana na wagema wote wanamlalamikia. Akishalewa tumbebe tukamwache msitu wa Ngezi. Bi Mkubwa akamuuliza kama anataka watu wa Chake waje kuposa nyumba inayonuka tembo. Jirani hakurudi tena.

Ndipo tukampigia kaka yangu aliyeko London. Wenzetu wa huko wana kindi darini, na kwa kindi wana elimu nzima. Akatutumia sauti ndefu ya WhatsApp: msimuue, msimtie kwenye mtego, tafuteni tundu analoingilia, zibeni mengine yote, kwenye hilo moja wekeni mlango wa upande mmoja, atoke asiweze kurudi. Na kwanza muangalie kama ana watoto, maana mama akibaki nje watoto watakufa ndani, au atalitafuna paa mpaka awafikie. Akamalizia kwa kusema kazi hiyo hufanywa mchana, kindi wakiwa wametoka kutafuta riziki. Mchana huo huo nikapanda ngazi nikachungulia. Komba alikuwa usingizini fofofo, mkia ameuzungushia uso. Kindi ni wa mchana, huyu zamu yake ni ya usiku. London ikawa imetuachia hapo.

Ami yangu alikuwa barazani, anasikiliza yote huku anachokoa meno.

"Mlango wa upande mmoja," akasema. "Hilo si dema?"

Tukanyamaza. Ni dema hasa, ule mtego wa samaki wa fito. Ukilitazama mdomo wake, kwa nje ni mpana, unazidi kubana kadiri unavyoingia, na mwisho wake fito zimechongwa ncha. Tafi anaingia bila ya kujikwaruza, akigeuka kutoka anakutana na miiba mitupu. Ami amelitega tangu hajaota ndevu. Alikwenda akaleta dema lake kuukuu, akaukata mdomo, akaupigilia upenuni kwa misumari na waya, mimi nimeshika ngazi. Kazi ilikaa vizuri, hapakubaki pa kupita hata mjusi. Kisha akaniambia nimpe ndizi mbivu.

"Ndizi ya nini, Ami?"

"Wewe umeona wapi dema likawekwa bila ya chambo?"

Jibu lilikuwa na uzito wake, na mimi baharini nakwenda kuogelea tu. Nikampa ndizi. Akaona haitoshi, akataka mkungu mzima.

Usiku ule kelele zikazidi. Ami akasema hiyo dalili njema, anatafuta njia. Usiku uliofuata zikazidi tena, ikawa kama kuna watu wanacheza mpira darini. Ami akasema anaaga.

Ijumaa ukumbi ulikuwa umetulia. Udi umefukizwa mpaka mabaka ya juu yakawa hayaonekani sawasawa. Halua ya Wete imo kwenye sahani, ile nyeusi yenye lozi, bado ina uvuguvugu, ukiichota inavutika wee na haitaki kukatika. Dele la kahawa liko mkononi mwangu. Wazee wa Chake wamekaa upande wa dirishani na kanzu zao za pasi. Akina mama wako nyuma ya pazia, kimya, na kimya cha akina mama nyuma ya pazia maana yake hakuna neno linalowapita.

Mshenga alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, kofia yake ya viua imekaa sawa kichwani. Akamshukuru Mungu, akamsalia Mtume, akatusifu sisi, akausifu mji wa Wete na halua yake, akakohoa kidogo, akafika penyewe.

"Ndugu zetu, sisi hatukupotea njia. Tumekuja kwa kuwa tumesikia kwamba humu ndani mna mwana."

Darini mtoto mchanga akalia.

Asiyewahi kumsikia komba akilia hawezi kuamini. Ni kilio kirefu, cha kukatikakatika, cha mtoto wa wiki mbili aliyenyimwa ziwa. Mshenga akabaki mdomo wazi. Wenziwe wakatazamana. Mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole, na ilikuwa dhahiri anahesabu miezi.

"Humu hamna mtoto!" Bi Mkubwa huyo, kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ambayo hata mimi mwanawe sikuiamini.

Kikalia tena. Chengine kikakijibu kutoka upande wa jikoni.

"Pacha," akanong'ona yule mwenye vidole.

Ami akaona aokoe jahazi. "Msitie wasiwasi, wazee wangu," akasema, na mkono ameuweka kifuani. "Huyo tumemfungia darini wenyewe, tokea Jumanne."

Sijui angeendelea vipi, kwa sababu silingibodi nayo ilikuwa imeshachoka. Ilitoa mlio mdogo, kisha kipande chote cha katikati kikashuka, na maganda ya ndizi, na kokwa za shokishoki, na mavi, na komba. Si mmoja. Wa kwanza aliangukia halua kwa mikono miwili. Wa pili akapata bega la mshenga, akaliona limekaa vizuri, akabaki. Wengine wakatawanyika, mmoja akapita chini ya pazia, na huko nyuma pakazuka mayowe ambayo nadhani yalifika bandarini.

Mimi nilikuwa karibu na yule wa halua. Vidole vyake ni vya binadamu kabisa, na kucha bapa. Alijaribu kuunyanyua mkono, mkono ukaja na halua. Akautazama. Akaunusa. Akaulamba kidole kimoja, akatulia, na ukimwona tu usoni unajua kwamba habari ya kukimbia ameiahirisha.

Mshenga hakutikisika. Amekaa vile vile, shingo haigeuki, komba begani anamchunguza sikio.

"Na huyu," akauliza polepole, "ni wa ukoo wenu?"

Pazia likaanguka na chuma chake. Dada yangu, ambaye siku hiyo hakutakiwa kuonekana hata unyayo, akatokea na khanga yake kichwani anapiga kelele: "Zimeni taa! Fungueni mlango! Mnamwashia taa kiumbe wa usiku, atoke vipi?" Akaizima mwenyewe. Gizani tukasikia vishindo vidogo vidogo juu ya mkeka, kisha barazani, kisha mfenesi ukatikisika. Taa ilipowashwa, mshenga alikuwa pale pale, na kwenye kanzu yake, begani, kuna kiganja kidogo cha manjano.

Ami akapanda ngazi na tochi. Akakaa huko juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akashuka.

"Mdomo unatazama nje," akasema.

Hakuna aliyemjibu. Mkono uliotega dema umri wote ulifanya ulichokizoea: upana kwa nje, ncha kwa ndani. Kila komba wa mtaa aliyeinusa ndizi aliingia kwa raha zake, na aliyeingia hakutoka. Kwa dema, huo ulikuwa mvuo mzuri.

Ila huko juu alibaki mtoto, wa kweli, amejikunja pembeni juu ya boriti, na mama yake yuko nje juu ya mfenesi anaita. Ikabidi dema ling'olewe usiku ule ule. Tukazima taa zote za nyumba tukakaa uwanjani, sisi na wazee wa Chake pamoja, kwa sababu baada ya yale nani tena ataona haya. Mama akaja, akaingia, akatoka na mtoto amembana mdomoni, akaruka naye mpaka kwenye mti wa pili. Kwa kawaida komba hana kiota kimoja, kwa hiyo hakwenda kulala njiani. Ami akaupigilia tena mdomo wa dema, ncha kwa nje safari hii, kwa ajili ya yeyote aliyebaki. Baadaye, darini palipokuwa kimya usiku baada ya usiku, tukabadilisha ubao, tukaziba kwa waya wa banda la kuku, na lile tawi la mfenesi tukalikata.

Jibu la posa tulitakiwa kulitoa sisi, lakini Bi Mkubwa alikaa na simu mapajani, asijue kama wenyewe bado wanauliza. Walipopiga, alikuwa mshenga, na alimtaka Ami. Bi Mkubwa akampa simu, mkono unamtetemeka.

"Naam," akasema Ami. "Naam. Naam. Sasa hilo tundu lenyewe lina upana gani?"

Bi Mkubwa akamfinya.

"Ah! Na posa, mzee wangu?" Akasikiliza. Akaiziba simu kwa kiganja, akatugeukia. "Anasema posa iko pale pale. Ila nikenda kwake nisibebe ndizi."